Istikhara Hatua kwa Hatua: Kupanga Jambo Lako na Kulikabidhi kwa Mwenyezi Mungu

Malalamiko ni yaleyale. Binti ameposwa, ameswali istikhara (rakaa mbili na dua ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lililo kheri) wiki nzima, hajaota kitu, na wazee wa mchumba wanataka jibu Ijumaa. Kijana amepata kazi Doha, ameswali, usiku akaota anaanguka mtoni, na sasa hajui kama ndoto ile ni katazo au ni mawazo yake tu. Mama amekwisha kulipa nusu ya pesa za kiwanja, ndipo akakumbuka kuswali. Wote watatu wana imani, na wote watatu wamekwama.

Kinachowakwamisha ni kwamba wanaisubiri istikhara iwape kitu ambacho dua yake yenyewe haikiombi. Wanangoja kuonyeshwa. Dua ya istikhara haina neno la kuonyeshwa popote. Inaomba jambo likadiriwe na lirahisishwe kama ni kheri, liepushwe kama ni shari, na moyo uridhike vyovyote itakavyokuwa. Ukilishika hilo tangu mwanzo, hatua zote zinazofuata zitakukalia sawa.

Mwongozo huu ni wa Mwislamu mwenye jambo mkononi sasa hivi: posa, safari, kiwanja, masomo, biashara. Fuata mpangilio. Anayekimbilia rakaa mbili bila kupita hatua ya pili na ya tatu husimama mbele ya Mola wake na jambo asilolijua.

## Vinavyohitajika

- Jambo moja, lililoandikwa kwa sentensi moja.
- Taarifa za kweli kuhusu jambo hilo (hatua ya 2 inaeleza zipi).
- Watu wawili au watatu wa kushauriana nao.
- Udhu, mahali safi, na vazi la stara.
- Matini ya dua, kwenye karatasi au simu, kama hujaihifadhi.
- Robo saa ya utulivu, nje ya nyakati zinazokatazwa kuswali sunna.
- Tarehe ya mwisho ya kutoa jibu, uijue mapema.

Visivyohitajika: ubani, maji ya zafarani, kulala juu ya mswala, kulala bila kusema na mtu, ndoto, na mtu wa kumlipa akuswalie. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo katika Hadithi ya Jabir bin Abdillah, ambayo ndiyo asili ya swala hii na imo katika Sahih al-Bukhari. Jabir anasema Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Qur'ani. Kitu kilichofundishwa kwa uangalifu wa namna hiyo hakijaacha upungufu wa sisi kujaza.

## Hatua ya 1: Hakikisha jambo lako linaswaliwa istikhara

Faradhi haina istikhara. Huswali rakaa mbili kuamua kama ufunge Ramadhani au umlipe anayekudai. Haramu nayo haina istikhara. Anayeswali ili ajue kama achukue mkopo wa riba aongezee mtaji amekwisha kupewa jibu kabla hajatawadha, na kuuliza tena ni kujitafutia ruhusa.

Kinachobaki ni uwanja mpana wa mambo ya halali yenye njia zaidi ya moja. Hija yenyewe haiswaliwi istikhara na mwenye uwezo, lakini kwenda mwaka huu au ujao, na kusafiri na kikundi gani, kunaswaliwa.

Usidhani ni kwa mambo yenye shaka peke yake. Zaynab bint Jahsh alipopelekewa posa ya Mtume (S.A.W.), posa ambayo hakuna mwanamke wa Madina angeitilia shaka, alijibu kwamba hatafanya lolote mpaka amtake shauri Mola wake, akasimama mahali pake pa kuswalia. Habari hiyo imo katika Sahih Muslim.

Sasa andika sentensi yako. "Kuolewa na fulani baada ya Mfungo Mosi na kuhamia kwao Tanga." "Kununua kiwanja cha mzee fulani kwa bei hii." Hapa ndipo wengi huteleza: wanaomba "Mola wangu, nionyeshe nioe nani." Hiyo ni dua njema, iombe, ila si istikhara. Hadithi inasema "akikusudia mmoja wenu jambo." Istikhara humkuta mtu ambaye tayari ana mwelekeo, anaulizia mwelekeo huo huo.

Una posa mbili? Anza na ile ambayo moyo na akili vimeielekea zaidi. Jambo moja kwa swala moja.

Hatua imekamilika pale mtu mwingine akiisoma sentensi yako ataelewa unataka kufanya nini, na nani, lini.

## Hatua ya 2: Mfunge ngamia kwanza

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake: amfunge na kumtegemea Mwenyezi Mungu, au amwache na kumtegemea? Akajibiwa amfunge, kisha ategemee. At-Tirmidhi ameipokea. Wahenga wetu nao walisema jitihada haiondoi kudura, na siku hizi msemo huo hutumiwa na mtu aliyekaa kitako akieleza kwa nini hakujaribu. Jitihada imetajwa ya kwanza pale.

Kwa nini utafute taarifa ikiwa Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye? Kwa sababu macho, masikio na miguu ni katika alivyokupa ili ujue. Kilicho ndani ya uwezo wako kukijua, kitafute. Istikhara ni ya kile kilicho nyuma ya pazia.

Kwa ndoa. Uliza msikitini anakoswali, kazini kwake, na jirani anayepakana nao ukuta. Uliza anavyoishi na mama yake, anavyolipa madeni, anavyokasirika. Kama aliwahi kuoa, jua kilichovunja ndoa ile na kama anawahudumia watoto. Nendeni mkapime afya pamoja, na msisahau selimundu: wazazi wote wawili wakiwa wamebeba chembe yake bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Hilo linajulikana kwa tone la damu, na si haki kulisubiri kwa ndoto.

Kwa kazi ya Ghuba. Soma mkataba wenyewe, katika lugha unayoielewa, kabla ya kutia saini. Mshahara ni kiasi gani na unalipwa kwa njia ipi? Saa ngapi kwa siku, siku gani ya kupumzika? Pasipoti inakaa na nani? Nauli ya kurudi ni ya nani ukiugua? Wakala awe na leseni ya serikali. Kenya leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na unaweza kuulizia jina la wakala huko. Mtafute mtu aliyewahi kupelekwa na wakala huyo akarudi, umsikilize yeye kuliko matangazo.

Kwa kiwanja. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi, uone hati ni ya nani na kama imewekwa rehani. Nenda serikali ya mtaa au kwa mzee wa mtaa. Kama ni mali ya mirathi, hakikisha warithi wote wamekubali, wakiwamo mabinti walioolewa mbali, maana hao ndio husahauliwa, kisha miaka mitano baadaye unaitwa barazani. Uliza majirani wakati wa masika maji hupita wapi.

Kwa masomo au biashara. Ada yote hadi mwisho, si ya mwaka wa kwanza tu. Kodi ya fremu, leseni, mtaji wa miezi ambayo hutauza. Andika hesabu.

Tahadhari: usitoe pesa isiyorudi wala ahadi nzito kabla ya hatua ya 5. Ukishalipa, kinachoswaliwa si istikhara tena; ni dua ya kuomba usipate hasara.

Umefaulu hapa ukiweza kutaja kheri mbili na hatari mbili za jambo lako bila kubabaika, na ukijua ni yapi ambayo hakuna mtu angeweza kukujulisha.

## Hatua ya 3: Shauriana na wanaojua

Sura ya Aal Imran, aya ya 159, inamwamrisha Mtume ashauriane na Maswahaba, na akishaazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Mpangilio huo ni wa kufuatwa.

Shauri jema lina sura gani? Fatima bint Qays alipomaliza eda alimweleza Mtume (S.A.W.) kuwa Muawiya na Abu Jahm wote wamemposa. Hakumwambia tu "swali, Mungu atakuonyesha." Alimweleza wazi kwamba Abu Jahm hashushi fimbo yake begani na Muawiya hana mali, kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Kwanza hakupendezwa, halafu akaolewa naye, na mwenyewe akasimulia kuwa alipata kheri nyingi ndani yake. Kusema aibu za mtu kwa kiasi cha haja, unapoulizwa kwa ajili ya posa, wanazuoni hawakukuhesabu kuwa ni kusengenya. Basi ukiulizwa nawe, sema kweli. Mwenye kutakwa shauri amekabidhiwa amana.

Chagua watu watatu kwa mizani hii: mmoja anayelijua jambo, mmoja anayekujua wewe, na mmoja asiyefaidika na jibu lolote. Dalali wa kiwanja hayumo. Shoga anayetaka muolewe wote mwaka mmoja hayumo. Kundi la familia kwenye simu, lenye watu hamsini, halimo kabisa; huko utapata kelele, na siri yako itafika Muscat kabla hujamaliza kuandika.

Wakitofautiana usishtuke. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham alifika Sargh akaambiwa kuna tauni mbele. Aliwaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Ansari, wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakakubaliana wote arudi na watu. Akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Ndipo akatokea Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo, akawaeleza alivyomsikia Mtume akikataza kuingia penye tauni. Mabaraza matatu, uamuzi, kisha thibitisho. Kiongozi wa waumini hakusubiri ndoto.

## Hatua ya 4: Uchunguze moyo kabla ya kuuinamisha

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na naiona ngumu kuliko zote.

Ukiwa umependa, na mahari umeshaihesabu, na jina la mtoto wa kwanza umelichagua, unaweza kuswali rakaa mia na usisikie kitu isipokuwa sauti ya pendo lako. Mwanazuoni Ibn Hajar, katika kitabu chake cha kuifafanua Sahih al-Bukhari, ametahadharisha kwamba mtu asiufuate mkunjuko wa moyo uliotokana na tamaa kali aliyokuwa nayo kabla ya istikhara. Hakukataza kupenda, wewe ni binadamu. Kinachotakiwa ni kujua kuwa unapenda, na kulitaja pendo hilo mbele ya Mola wako bila kulifunika.

Fanya hivi. Chukua karatasi ile yenye sentensi yako, uandike chini yake majibu mawili:

1. Jambo hili likizuiliwa leo, nitafanya nini kesho asubuhi?
2. Jambo hili likipita na likawa gumu, nitasimama na nani?

Ukishindwa kabisa kuandika jibu la kwanza, hujawa tayari kuswali istikhara. Swali rakaa mbili za haja, omba moyo utulizwe, subiri siku moja au mbili kama muda unaruhusu, kisha rudi. Sura ya al-Baqara, aya ya 216, isome polepole: huenda mkachukia kitu nacho ni kheri kwenu, na huenda mkapenda kitu nacho ni shari kwenu, na Mwenyezi Mungu anajua nanyi hamjui.

Dalili ya kufaulu si kwamba hutaki tena. Ni kwamba unaweza kutamka "na kama siyo, basi" na sauti isikatike.

## Hatua ya 5: Rakaa mbili

Wakati. Haina saa maalumu. Usiku baada ya Isha ni mzuri, thuluthi ya mwisho ya usiku ni bora kwa anayeweza kuamka, na dhuha yafaa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, usiiswali baada ya swala ya Alfajiri mpaka jua lipande kiasi, wala jua linapokuwa utosini, wala baada ya Alasiri mpaka Magharibi.

Namna.

1. Tawadha kwa utulivu.
2. Nuia moyoni: rakaa mbili za sunna ya istikhara.
3. Rakaa ya kwanza, baada ya Alhamdu, soma Qul yaa ayyuhal kaafiruun. Ya pili, Qul huwallaahu ahad. Imam an-Nawawi amezipendekeza sura hizi. Ukisoma nyingine, swala ni sahihi.
4. Maliza kama swala nyingine, utoe salamu.

Hadithi imesema rakaa mbili "zisizo za faradhi," kwa hiyo unaweza pia kuinuia pamoja na sunna nyingine, mfano tahiyyatul masjid (sunna ya kuamkia msikiti), mradi nia iwepo kabla ya takbira. Kuisoma dua baada ya faradhi ya Isha peke yake haitoshi.

## Hatua ya 6: Dua, na unachokiomba ndani yake

Baki umekaa, elekea kibla, inua mikono. Mhimidi Mwenyezi Mungu, mswalie Mtume, kisha soma:

*Allaahumma innii astakhiiruka bi'ilmika, wa astaqdiruka biqudratika, wa as'aluka min fadhlikal 'adhiim. Fa innaka taqdiru walaa aqdiru, wa ta'lamu walaa a'lamu, wa anta 'allaamul ghuyuub. Allaahumma in kunta ta'lamu anna haadhal amra khayrun lii fii diinii wa ma'aashii wa 'aaqibati amrii, faqdurhu lii wa yassirhu lii, thumma baarik lii fiih. Wa in kunta ta'lamu anna haadhal amra sharrun lii fii diinii wa ma'aashii wa 'aaqibati amrii, fasrifhu 'annii wasrifnii 'anhu, waqdur liyal khayra haythu kaana, thumma ardhinii bih.*

Maana yake: Ewe Mwenyezi Mungu, nakuomba unichagulie kwa ujuzi wako, nakuomba uniwezeshe kwa uwezo wako, na nakuomba katika fadhila zako kuu. Wewe unaweza nami siwezi, Wewe unajua nami sijui, nawe ndiwe Mjuzi wa yaliyofichikana. Ewe Mwenyezi Mungu, ukijua kuwa jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa jambo langu, nikadirie, unirahisishie, kisha unibarikie ndani yake. Na ukijua kuwa jambo hili ni shari kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa jambo langu, liepushe nami, nami uniepushe nalo, unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo.

Unapofika *haadhal amra*, "jambo hili," mara zote mbili, taja jambo lako au lilete moyoni: ile sentensi uliyoiandika. Ruhusa ipo kuitaja kwa Kiswahili ukikosa Kiarabu chake. Kusoma dua kwenye karatasi au simu hakuna ubaya. Ubaya ni kuikariri mbiombio bila kujua umeomba nini.

Angalia mpangilio wa maombi yenyewe. Dini imetangulia maisha. Kazi yenye mshahara mnono itakayokukosesha swala tano imekwisha kuhukumiwa na mstari huo, hata kama kila kitu kingine kimenyooka. Kisha tazama "liepushe nami, nami uniepushe nalo." Ni maombi mawili, kwa sababu jambo laweza kuondoka na moyo ukabaki umeling'ang'ania miaka. Na la mwisho, kuridhishwa, ndilo litakalokubeba katika hatua ya 9.

Tahadhari: usiongeze sharti la ishara. "Nikiota kijani ni ndiyo, nikiota nyeusi ni hapana" ni kumpangia Mola namna ya kujibu. Na kupiga ramli, kutazamia nyota, au kupeleka jina la mchumba na la mama yake kwa mtu akahesabu herufi, hayo yamo katika mlango ule ule wa kupiga bao kwa mishale uliokatazwa katika Sura ya al-Maida, aya ya 3. Istikhara ndiyo tuliyopewa badala yake. Haiwezekani kuzichanganya.

## Hatua ya 7: Inuka uliendee jambo

Hapa ndipo wengi hulala na kusubiri. Usisubiri. Baada ya dua, endelea na kile ambacho taarifa na mashauri yamekuelekeza, ukianza na hatua ndogo inayoweza kurudishwa nyuma. Waambie wazee waendelee na mazungumzo. Peleka maombi ya viza. Omba nakala ya hati.

Sababu iko ndani ya dua: umeomba jambo lirahisishwe au liepushwe, na hakuna kinachorahisishwa wala kuepushwa kwa mtu aliyekaa. Katika Hadithi ya ndege, waliotajwa kuwa ni mfano wa kutegemea, wao hutoka asubuhi matumbo matupu na kurudi jioni wameshiba. Hutoka.

Ukimweleza mtu mpango wako sema inshallah, kama tulivyofundishwa katika Sura ya al-Kahf, aya ya 23 na 24, na uiseme ukiwa na azma. Inasikitisha kuona neno hili limegeuzwa kuwa njia ya upole ya kukataa.

Na ndoto je? Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa ndoto ni aina tatu: bishara njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, kutiwa huzuni na shetani, na yale mtu anayojisemesha nafsini mwake. Binti aliyemfikiria mtu mmoja wiki nzima akimwota, aina ya tatu ndiyo ya kwanza kuzingatiwa. Ndoto njema mshukuru Mola kwayo; usijenge juu yake nyumba.

## Hatua ya 8: Soma mwenendo wa mambo

Ukiwa unatembea, tazama vitu vitatu.

Moyo. An-Nawawi amesema mtu afuate kile moyo wake unachokunjukia. Mkunjuko huo huja taratibu, na huwa mtulivu. Furaha ya kupandisha pumzi si huo, wala woga wa mgeni anayekaribia kitu kipya. Binti anaweza kuwa na hofu ya kuondoka kwao na bado moyo umetulia kuhusu mume.

Njia. Mambo yanafunguka, au yanazidi kujifunga? Tofautisha ugumu wa kawaida na kuepushwa. Cheti kimechelewa wiki mbili: huo ni ugumu wa kawaida, fuatilia. Mahari bado haijatimia: kawaida. Lakini umegundua alikuficha kuwa ana mke wa kwanza, au wakala amebadilisha mkataba mara ya pili baada ya makubaliano, au muuzaji hataki kabisa ufanye upekuzi: hapo taarifa mpya imekuja, na imekuja baada ya wewe kuomba. Ipokee. Watu wengi huomba kuepushwa, wakaepushwa, kisha wakapita dirishani.

Uzoefu wa wengi niliowasikiliza ni kwamba jibu la "hapana" mara nyingi huja kwa sura ya habari, si kwa sura ya muujiza.

Dini yako. Tangu uanze kuliendea jambo hili, swala zako zimekaa sawa au zimeyumba? Umeanza kudanganya wazazi ili lipite?

Ukibaki huna mwelekeo, rudia swala. Idadi ya mara saba inayotajwa ina Hadithi dhaifu, usijifunge nayo. Rudia kadiri ya haja na muda wako. Mwanazuoni Izz ad-Din bin Abdissalam aliona kuwa aliyeswali istikhara afanye litakalomtokea, na kheri itakuwa humo. Kwa hiyo ikifika tarehe ya kutoa jibu na moyo uko katikati, chukua upande wenye hoja nzito zaidi kwenye karatasi yako. Umekwisha kumwachia Mjuzi wa yaliyofichikana. Jibu watu kwa wakati, usiwaweke wazee wa watu roho juu.

## Hatua ya 9: Pokea kilichotokea

Likitimia, omba baraka yake kila siku, kwa kuwa dua iliomba vitatu: kukadiriwa, kurahisishwa, na kubarikiwa. Ndoa iliyopatikana kwa istikhara nayo ina siku za ugomvi. Ugomvi huo si ushahidi kuwa uliswali vibaya. Kheri "katika mwisho wa jambo langu" huenda ikapitia njia yenye mawe.

Likikosekana, lia kama una machozi, kisha ujizuie na neno moja tu: "lau." Katika Sahih Muslim, baada ya kutuhimiza tuyapupie yanayotunufaisha, tumwombe msaada Mwenyezi Mungu wala tusishindwe, Mtume (S.A.W.) ametukataza kusema "lau ningefanya hivi ingekuwa hivi," akatufundisha tuseme *qaddarallaahu wa maa shaa'a fa'al*: Mwenyezi Mungu amekadiria, na alitakalo hulifanya. Kisha kichukue kile kipengele cha mwisho cha dua, *waqdur liyal khayra haythu kaana, thumma ardhinii bih*, ukiombe peke yake mpaka kifua kilegee. Kuridhika nako huombwa; usijilaumu kwa kutokuwa nako siku ya kwanza.

## Hali maalumu

Mwenye hedhi au nifasi. Haswali, lakini dua anaisoma. Akae, amhimidi Mola, amswalie Mtume, aombe. Hana haja ya kuwasubirisha watu mpaka atoharike.

Jibu linatakiwa sasa hivi. Nyumba ya kupanga itachukuliwa na mwingine saa hiyo hiyo, au ni wakati wa karaha, yaani zile nyakati zinazokatazwa kuswali sunna. Soma dua bila swala. An-Nawawi ameitaja ruhusa hiyo kwa aliyeshindwa kuswali.

Mzazi anayemwozesha bintiye. Baba ana uamuzi wake kama walii, na aswali kwa uamuzi huo. Binti naye ana wake. Istikhara ya baba haiondoi haki ya binti ya kuulizwa, na "nimeswali nimeona kheri" isitumike kumnyamazisha.

Wawili wameswali, majibu hayafanani. Mchumba amepata utulivu, wewe moyo umekataa. Kila mmoja ameombea kheri yake. Usilazimishwe kwa istikhara ya mwenzako, na usimlazimishe kwa yako. Rudini hatua ya 3, mtafute kilichojificha katika taarifa.

Kuswaliwa na mtu mwingine. Kuna wanaopeleka jina na pesa kwa sheikh ili awaswalie na kuwaletea majibu. Dua yote imejaa "kwangu," "dini yangu," "maisha yangu." Mwombe sheikh shauri, mwombe mama akuombee kheri usiku, na wote wawili uwashukuru, rakaa mbili hizi ziswali wewe.